Nesi Aliyeacha Kuandika

Kwa miaka yote niliyomjua Nesi sikuwahi kumsikia akimwambia mtu samahani. Si mgonjwa, si jirani, si mchungaji. Akikukanyaga mguu atakuuliza kwa nini umeuweka pale. Kuna siku alimchoma mzee wa watu sindano ya vitamini, kumbe sindano ilikuwa ya mgonjwa mwingine aliyekaa nyuma yake kwenye benchi. Alipogundua, akamtazama yule mzee kuanzia juu mpaka chini, akamwambia, "Basi wewe una bahati, wiki hii utakula vizuri." Mzee akashukuru, akavuta suruali, akaenda zake.

Tulicheka sana na hadithi hiyo. Siku hizi nikikaa dukani kwangu hapa Tunduma, katikati ya vitenge vyangu, hainichekeshi tena. Najiuliza tu nilikuwa naishi jirani na nani. Nimeshtuka, jamani, na mshtuko wenyewe haujaniisha, ndiyo maana nasimulia huku narukaruka, mtanivumilia.

Kijiji chetu kiko juu huko Mbozi, kwenye mibuni. Kati ya nyumba yetu na yake kulikuwa na ua wa michongoma tu, na tundu ambalo kuku wake walilitoboa. Alikuwa mfupi, mwembamba, anatembea haraka mpaka ukiongozana naye unatoka jasho. Juu ya gauni jeupe la kazi alivaa koti la sufu la kijani lililolegea mifuko, maana baridi ya kwetu mwezi wa sita si ya mchezo. Kila mtu alimwita Nesi. Mume wake, alipokuwa hai, alimwita Nesi. Hata watoto wake wakitoka shule walipiga hodi wakisema, "Nesi, tumerudi." Jina lake la ubatizo mimi nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, na sitalisema hapa, maana halimkai.

Zahanatini alikuwa na msemo mmoja: "Usinipe hadithi, nipe dalili." Ukianza kumweleza kwamba juzi ulipita makaburini, halafu shangazi yako akakuangalia vibaya, halafu tumbo likaanza, anakukata hapo hapo. "Shangazi mwache nyumbani. Umeharisha mara ngapi?" Alikuja mwanaume mmoja kutoka bondeni Momba, mfugaji, ameshikwa mkono na ndugu zake wawili, wanasema amelogwa na mke mwenza wa mama yake, amekuwa hasikii. Nesi akamkalisha, akamwangalia sikioni kwa tochi, akachukua bomba la sindano lisilo na sindano na maji ya vuguvugu, akasukuma. Likatoka donge la nta na punje ya mtama ndani yake. Akaliweka kwenye kiganja cha yule bwana, akamwambia kwa sauti kubwa ya makusudi, "Huyu hapa mke mwenza. Mpeleke nyumbani."

Basi ndiyo tulivyomwamini. Yaani kama Nesi amesema, limesemwa. Alikuwa haonei haya mtu, hapendelei, hali rushwa hata ya yai. Mtendaji wa kijiji akitaka shahidi kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba anamwita Nesi, ingawa Nesi hajui hata shamba lenyewe lilipo. Tulijua kwamba yule mama hadanganyi.

Na usidhani alikuwa mkali tu. Mimi alinizalisha mtoto wangu wa kwanza, nimerudi kwa mama kujifungulia, mvua ikinyesha, amekuja kwa miguu na viatu amevishika mkononi. Alinitukana kutoka saa nane mchana mpaka jioni. "Sukuma! Ulidhani atatokea dirishani?" Mtoto alipotoka, akalia, Nesi akamfuta, akamwinua juu, akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona kwake tena. Lilidumu kidogo sana. Halafu uso ukamfunga ghafla, kama mtu aliyeitwa nje. Nikamuuliza, "Nesi, mtoto ana tatizo?" Akasema, "Mtoto hana tatizo. Lala." Nilidhani amechoka.

Mambo ya namna hiyo yalikuwa mengi, ukiyakusanya. Sisi hatukuyakusanya, kila mtu alikuwa na lake.

Kanisani, kwa mfano. Alikuja kila Jumapili, lakini alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na Meza ya Bwana ikianza kuandaliwa anainuka, anatoka. Akiulizwa, anasema tumbo. Hee! Tumbo gani linauma Jumapili ya ushirika peke yake? Wanawake wa kwetu wakapata kazi. Wakasema ana bwana wa siri Vwawa. Wengine wakampandisha huyo bwana cheo, wakasema ni mwalimu mkuu. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilichangia kwenye mazungumzo hayo, nikasema nimewahi kumwona na viatu vipya.

Halafu aliacha kuandika. Hili nalo tuliliona kwa macho yetu tukalipita. Nesi aliyekuwa anaandika kadi za kliniki kwa mwandiko mzuri wa kulala, Y yake ina mkia mrefu unaozunguka mpaka chini ya herufi ya pili, mwandiko ambao kila mama alijivunia kuwa nao kwenye kadi ya mtoto wake, siku moja akasema macho yamekuwa mabaya. Kuanzia hapo kadi zikawa zinaandikwa na mhudumu. Ukimpelekea barua akuandikie, kama zamani, anasema, "Macho hayaoni, tafuta mwingine." Lakini ukikaa naye barazani akishona kifungo, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja, bila hata kuulowesha mdomoni. Nilimwona mara ngapi! Na sikuuliza.

Kituko kikubwa kuliko vyote ni kwamba mtu huyo huyo asiyeandika ndiye aliyeanzisha ngumbaro barazani kwake. Kila Jumatano baada ya kazi, wazee na bibi wa kijiji wanakaa kwenye mkeka na madaftari ya wajukuu zao, Nesi anapita nyuma yao na koti lake la kijani. Hawakupenda. Aliwafuata majumbani mmoja mmoja na kuwatoa. "Mama, utakufa hujui jina lako linafananaje?" Bibi mmoja aliyekuwa na ubishi alimwambia, "Nesi, mimi nikitaka kuandikiwa nakuja kwako." Ala! Nesi alifoka mpaka sisi wa upande wa pili wa ua tukasimamisha kazi. "Usije kwangu! Usije kwangu wala kwa mtu mwingine yeyote! Cha kwako andika mwenyewe!" Bibi wa watu akashika kalamu. Tulisema, huyu Nesi naye amezidi, elimu gani ya kugombezana.

Sasa nirudi nyuma, kwenye kura.

Kuna msimu kahawa iliibwa. Kikundi chetu kilikuwa na mashine ya kumenyea kahawa pale mtoni, na vichanja vya kuanikia vimepangwa mlimani safu kwa safu, vimefunikwa nailoni. Asubuhi moja tukakuta safu mbili ziko tupu. Baada ya wiki, safu nyingine. Kahawa ya kila nyumba ilikuwa mle ndani, ni ada za shule, ni mabati, ni matibabu, kwa hiyo watu walichanganyikiwa. Mlinzi wa vichanja alikuwa Mzee Yoramu, mtu mpole, mrefu, hajui kusoma wala kuandika, mkewe Mnamwanga mwenye ndugu upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia. Alisema hakusikia kitu, alisinzia kidogo tu alfajiri. Watu wakaguna.

Kwetu, jambo likishindikana, wanapiga kura za siri. Si za uchaguzi. Kijiji kizima kinakusanyika, kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku, anatumbukiza. Asiye na wa kumshuku anaandika "hakuna." Jina likirudiwa mara nyingi, basi huyo ndiye. Wanasema ni njia ya kuzuia watu wasipigane kwa maneno. Tulifanyia darasani, shule ya msingi, na sanduku lilikuwa ndoo ya plastiki iliyotobolewa mfuniko.

Wasiojua kuandika walikuwa wengi, wazee hasa. Wakauliza, sisi tunafanyaje? Watu wote wakasema kwa pamoja, Nesi. Nani mwingine? Akawekewa meza nyuma ya darasa, pembeni ya kabati, mzee anakwenda, anainama, anamnong'oneza, Nesi anaandika, anakunja, anampa mwenyewe akatumbukize.

Na aliyesoma kura mbele ya watu ni mimi. Nilikuwa msichana, nimemaliza kidato cha nne, nasoma matangazo kanisani, na sauti ninayo, siwezi kujificha. Mtendaji anafunua karatasi, ananipa, nasoma. "Hakuna." "Sijui." "Yoramu." "Hakuna." "Yoramu." "Yoramu." Nasema ukweli wangu wote: nilifurahia. Kila nilipotaja jina hilo watu walivuta pumzi, na mimi nikawa nasimama kidogo kabla ya kulitaja, niwape hamu. Niliona karatasi nyingi zina mwandiko wa Nesi, ile Y yenye mkia, wala sikushangaa, si ndiye aliyewaandikia wazee? Niliwaza tu kwamba kumbe hata wazee wanamjua huyu bwana.

Mzee Yoramu alikuwa amekaa benchi la mbele. Mwanzoni alitikisa kichwa. Baadaye akaacha kutikisa, akawa anageuka nyuma kuangalia nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine.

Hawakumpiga, wala polisi hawakuitwa, maana ushahidi haukuwepo. Walimtoa tu kwenye ulinzi na kwenye kikundi. Baada ya hapo akiingia kilabuni watu wanakumbuka wana shughuli nyumbani. Watoto wake wakawa wanaitwa "safu mbili" shuleni. Haikufika Krismasi, tukaamka tukakuta nyumba yake imefungwa kwa waya. Wamevuka mpaka kwa ndugu wa mkewe.

Msimu wa pili yake wezi wakakamatwa. Ni watu wa mbali, wenye gari, walikuwa wanazunguka vijiji vingi, na magunia ya kikundi chetu yalikutwa kwao yana alama yetu ya rangi nyekundu. Mtendaji alitangaza mkutanoni. Halafu mtu akauliza kuhusu bei ya mbolea, tukaendelea na mbolea. Hakuna aliyesema twende tukamrudishe Mzee Yoramu. Kura zilikuwa za siri, kila mtu alijua yeye hakumwandika, au alimwandika mara moja tu, sasa kosa ni la nani? Ni la wale wengine. Tulienda nyumbani tukala ugali.

Mimi nikaolewa, nikahamia Tunduma. Nesi nikawa namwona nikienda kusalimia. Mwaka jana mwanzoni kaka yake Mzee Yoramu akaugua, mkubwa wake, tumbo moja. Na huyo naye hakujua kuandika. Walikuwa wamelelewa pamoja kama mapacha, wakilima bega kwa bega, ila tangu Yoramu avuke mpaka hakuwahi kutia mguu kwa kaka yake. Mgonjwa akaomba aitwe. Watu wawili walitumwa Nakonde, wakarudi peke yao. Wakatumwa tena, wakarudi peke yao. Nesi alikuwa ameshastaafu lakini ndiye aliyekuwa anamuuguza, na nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameshika mkono wa mgonjwa. Mzee anauliza kwa sauti iliyokwisha, "Nesi, nilimkosea nini mdogo wangu?" Nesi, mwenye majibu ya kila kitu, alikuwa anaangalia ukutani. Nikasema moyoni kwamba uzee umemlainisha.

Tulizika. Yoramu hakuja. Kwetu mtu kutomzika kaka yake si jambo la kusemwa hadharani, likasemwa jikoni miezi mizima.

Miezi mitatu baadaye ndiyo Nesi akaja dukani kwangu. Ilikuwa mchana, barabara imejaa malori yanayosubiri kuvuka, vumbi tupu, na mimi nina wateja wawili kutoka Zambia tunabishana bei. Nikamwona mlangoni na koti lake la kijani, joto lote lile. Ana mfuko wa maharage. Akawaambia wateja wangu, "Mwenzenu anafunga duka." Nikasema, "Nesi, sifungi!" Akasema, "Unafunga."

Wakaondoka. Nikajua ni msiba. Akakataa kiti.

"Unamkumbuka Yoramu?"

"Namkumbuka. Amekufa?"

"Hajafa. Siku ile ya kura niliwaandikia wazee kumi na wanne. Unajua wangapi walinitajia Yoramu?"

Nikamwambia sijui, labda wote, si nilisoma mwenyewe.

"Wawili," akasema Nesi. "Waliobaki walisema hakuna, hawajui, Mungu ndiye anajua. Nikaandika Yoramu."

Mama yangu! Nilikaa juu ya robota la vitenge bila kujua nimekaa. Nilimwomba arudie, akarudia, maneno yale yale, sauti ile ile ya kusomea joto la mgonjwa. Kumi na wawili. Nikaanza kuona ile Y na mkia wake inafunguka mikononi mwangu moja baada ya nyingine, na sauti yangu mwenyewe, ile ya kuvuta hamu, inataja.

"Kwa nini? Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilikuwa na uhakika." Alisema alimwona. Alfajiri ya wizi wa pili alikuwa anatoka kuzalisha, akamwona Yoramu anasukuma baiskeli na gunia limejaa, anapita njia ya nyuma. Hakumuuliza. Siku ya kura wazee walipokuja wanasema hakuna, hakuna, yeye akaona hawa wanaogopa, au hawajui, na yeye anajua, na mwizi atabaki, na watoto watafukuzwa shule. "Nikaona nawasaidia kusema ukweli," akasema. "Baada ya yeye kuhama nilipita shambani kwake. Migomba yake yote ilikuwa imewekewa maganda ya kahawa kwenye mashina. Yale tunayoyatupa mtoni. Ndiyo aliyokuwa anabeba."

Nilipiga kelele. Sikuweza kujizuia. "Wewe! Wewe wa usinipe hadithi, nipe dalili!"

"Dalili nilikuwa nayo," akasema. "Gunia."

Nilimwambia maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika, mtu niliyemheshimu kuliko mama yangu mzazi. Aliyapokea yote amesimama. Nikamuuliza alikaaje kimya, anakula, analala, anafundisha watu ngumbaro, mtu anazeekea ugenini kwa jina la mwizi. Akasema, "Nilikuwa nasubiri siku ambayo nitaweza kusema bila kuona aibu. Haikufika." Halafu akaongeza, "Watu wanadhani ukijuta unalia. Sijalia hata mara moja. Ni kwamba kila ukipata kitu kizuri kinakuja na kile. Mtoto analia vizuri, unafurahi, halafu unasikia: na Yoramu?"

Nikakumbuka uso wake ulivyofunga juu ya mtoto wangu. Hasira haikuisha, ila nilishindwa kuendelea kupiga kelele.

Alitaka nimvushe nimpeleke kwa Yoramu. Nikakataa. Nikamwambia nenda mwenyewe na madhambi yako. Akanitazama, wala si kwa ukali, akasema, "Sijui njia. Na wewe ndiye uliyesoma kura." Nikafunga duka.

Kuvuka si kazi, sisi wa Tunduma tunavuka kununua hata sukari. Nilimsalimia mama mmoja muuza karanga kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai," nikamtajia mzee wa Mbozi mrefu, akatuonyesha kwa mdomo. Mzee Yoramu alikuwa amekaa nje ya ghala la mahindi, kivulini, anashona magunia yaliyopasuka kwa shazia na kamba ya katani. Amekuwa mweupe kichwa kizima. Alipotuona akaweka mkono juu ya macho.

"Nesi! Karibuni, karibuni wa nyumbani. Nani amekufa tena?"

"Hakuna aliyekufa, Mzee Yoramu. Nimekuja mwenyewe."

Akasogeza magunia tukae. Nesi akabaki amesimama, mikono kwenye mifuko ya koti. Nilimwonea huruma ghafla, nikajichukia kwa kumwonea huruma.

"Siku ya kura," Nesi akasema, "ulikuja mezani kwangu."

Mzee akacheka kidogo, akachoma shazia kwenye gunia. "Nilikuja. Sijui kuandika, ningekwenda kwa nani?"

"Uliniambia niandike nini?"

"Nilikwambia sina wa kumtaja. Uandike hakuna."

"Niliandika jina lako."

Shazia ikasimama nusu ndani ya gunia. Mimi nilidhani sijasikia vizuri. Dukani alinieleza kumi na wawili, hakuniambia mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe Yoramu.

"Kwenye karatasi ya nani?"

"Kwenye karatasi yako."

"Ukaikunja, ukanipa nikaitumbukize kwa mkono wangu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakushukuru."

"Ulisema asante, Nesi, Mungu akubariki."

Nilishika ukuta wa ghala. Watu wanapita na mikokoteni ya mahindi, wanasalimiana, dunia inaendelea kama kawaida, na mimi najaribu kukumbuka ni karatasi ya ngapi niliyosoma, ni ipi iliyokuwa ya kwake, yeye amekaa benchi la mbele ananisikiliza.

Nesi akamweleza yote. Hakujitetea, hata lile gunia la maganda alilitaja upesi tu. Akasema ameshamwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, Jumamosi atasimama darasani pale pale aseme mbele ya wote, na Mzee Yoramu akitaka polisi, atatangulia yeye kituoni. "Sikuja unisamehe," akasema. "Nimekuja ujue."

Sina hakika kama Mzee Yoramu alisikia hayo ya mwisho. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole juu ya gunia.

"Wazee wote wasioandika walikuja kwako?"

"Wote."

"Kaka yangu hakujua kuandika."

Nesi akatoa mikono mifukoni. "Alisema, mlinzi ni mdogo wangu na hawezi kuiba, andika hakuna. Nikaandika jina lako."

Mzee alifuata kwa macho lori lililokuwa linapita na tela lake. Alipoanza kusema hakuwa anatuambia sisi.

"Mimi na mke wangu tuliwahesabu miaka yote. Nani alinitaja. Fulani, kwa sababu ya ule ugomvi wa ng'ombe. Fulani, kwa sababu ya shamba. Mke wangu akasema, na kaka yako, kwa sababu anataka migomba. Nikasema hapana. Akasema hapana kwa nini, hizo kura nyingi hivyo zilitoka wapi? Nikakubali. Wakaja hapa, nimekaa hivi hivi, wakaniambia kaka yako anakufa anakuita. Nikawaambia awaite wale aliokuwa nao siku ya kura."

Akachomoa shazia, akaiweka chini polepole.

"Mara ya pili wakaja. Nikawaambia hivyo hivyo."

Nilikuwa nalia mimi, si wao. Nilisema, "Mzee wangu, hukujua, ulidanganywa," na akaniangalia kwa upole kama mtu anayemwangalia mtoto anayeongea ujinga mbele ya wageni, akarudisha macho kwa Nesi.

"Nesi."

"Abee."

"Wewe umekaa na jambo hili miaka yote?"

"Yote."

"Basi nakuuliza kama nilivyokuwa nakuuliza dawa. Mimi ndiyo naanza leo, na niliyemkosea yuko chini ya udongo. Asubuhi ukiamka, inakuwaje?"

Nesi akakaa kwenye magunia, pembeni yake, magoti yao yanagusana.

"Kwanza unaamka umesahau," akasema. "Halafu unakumbuka."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mzee Yoramu."